Muziki wa Félicité, na sauti ya mama asiyeonekana



Wiki hii tunaweka kando uji wa soya na madaftari ya watoto. Kwenye mkutano wa Jumamosi mama mmoja alituuliza: "Ninyi mnaoandika juu ya kila kitu, ni muziki gani wa filamu mnaoupenda kuliko yote?" Aliuliza kwa kucheka, lakini sisi jibu tulikuwa nalo tangu miaka mingi. Ni muziki wa Félicité, filamu ya Alain Gomis iliyotengenezwa Kinshasa na kutoka mwaka 2017. Tunaandika juu yake leo kwa sababu nyingine pia: mwisho wa mwezi chama chetu kitaamua juu ya wale wasichana saba, watoto wetu wenyewe, wanaoomba chumba cha mkutano kwa mazoezi ya gitaa, ngoma na kuimba. Tumesikia yanayosemwa njiani. Basi kabla ya kuamua, tusikilize kwanza.

Tulipowasikilizisha wamama wachache muziki huo, simu ikiwa imeunganishwa na bafle, mama mkubwa mmoja alikunja uso: "Hii bafle yenu imepasuka." Wengine wakacheka. Lakini masikio ya mama huyo ni mazima kabisa. Alichosikia ndicho kitu chenyewe: sauti inayokwaruza, inayotetemeka pembeni kama bati la nyumba wakati wa mvua kubwa. Kijana anayependa roki atasema hilo ni gitaa la roki lililosukumwa mpaka ampli inalia. Kijana anayetengeneza midundo kwa kompyuta atasema hiyo ni elektroniki, mdundo unaorudi na kurudi bila kuchoka. Wote wawili wanasikia vizuri. Ila wanaopiga ni watu wa Kasai, na mlio ule waliurithi kwa wazee wao, kabla waya wa umeme haujafika kijijini.

Kikundi kinaitwa Kasai Allstars. Ni wanamuziki karibu 25 waliokusanyika Kinshasa kutoka vikundi mbalimbali na makabila matano: Waluba, Wasongye, Walulua, Watetela na Waluntu. Kila kabila lina lugha yake, ngoma zake na namna yake ya kushika mdundo, na kulikuwa na watu waliofikiri kwamba haviwezi kukaa chungu kimoja. Wakavikalisha. Sisi wa Goma, mji ambamo kila nyumba ya tatu imetoka kijiji kingine, tunajua ugumu wa kazi hiyo.

Wengi wetu tunaijua Kasai kwa njia ya Tshala Muana, malkia wa mutuashi, aliyetutoka mwezi wa Desemba 2022. Wamama waliocheza mutuashi kwenye harusi zao hawatakuwa wageni hapa. Kiuno kitatambua kabla ya kichwa. Tofauti ni kwamba Tshala alipitia studio kubwa, gitaa limeoshwa, sauti imepangwa vizuri kama kitanda cha mgeni. Kasai Allstars hawakuosha kitu. Marimba, ngoma za gogo, likembe na gitaa la umeme vinaingia pamoja, na vyote vinakwaruza.

Hapo tuseme neno moja la darasani, maana ualimu hauvuliwi kama kitenge. Muziki mwingi tuliofundishwa masomoni unataka sauti safi, kama maji ya chupa. Muziki wa kwetu wa zamani, mahali pengi, ulitaka kinyume. Angalia likembe ya mzee: juu ya vile vyuma vyembamba wanafunga vipete vidogo vya bati. Havipigi noti yoyote. Kazi yao ni kuvuma tu, zzz, kila chuma kinapoguswa. Kuna ngoma za Kasai zenye tundu dogo ubavuni, lililofunikwa na utando mwembamba. Ukipiga ngozi, utando nao unalia kama nyuki. Sauti isiyo na mvumo huo ilionekana haijakamilika, kama sombe isiyotiwa mawese. Kwa hiyo gitaa la umeme lilipofika na kuanza kukwaruza ndani ya ampli chakavu, wapigaji hawakusema limeharibika. Walisema, kumbe na wewe unajua.

Na kuna habari ya jirani zao, Konono No. 1. Mzee Mawangu Mingiedi, mtu wa Wazombo wa mpakani na Angola, alianzisha kikundi hicho Kinshasa katika miaka ya 1960. Likembe ni chombo cha sauti ndogo. Kilifaa uwanja wa kijiji, lakini Kinshasa kina kelele. Mzee akatoa sumaku ndani ya vyombo vya magari yaliyokufa, akatengeneza vipaza sauti vyake mwenyewe, akaunganisha likembe na vyombo vya kutangazia. Sauti ikatoka kubwa, na imekwaruzika vibaya mno. Akaiacha hivyo. Mwaka 2004 Mbelgiji Vincent Kenis alitoa rekodi yao kwa jina la Congotronics, na huko Ulaya na Marekani wapenzi wa roki na wa muziki wa kompyuta walishangaa: walichokuwa wakitafuta kwa mashine za bei kali, wazee wa Kinshasa walikipata kwa vyuma vya gari. Björk, mwimbaji wa Iceland, aliwaita Konono kwenye wimbo wake wa mwaka 2007. Mwaka 2011 Konono na Kasai Allstars walipanda jukwaa moja na watu wa roki kama Deerhoof wa Marekani, na Juana Molina wa Argentina, wakazunguka Ulaya pamoja. Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Tunasimulia haya kwa sababu watoto wetu wakisikia roki na elektroniki wanadhani ni kitu cha kushuka na ndege. Sehemu moja, ndiyo. Lakini sehemu nyingine ilipikwa hapa nchini, na mpishi hakuwa na pesa.

Sasa filamu.

Félicité ni mama anayeimba usiku kwenye nganda moja ya Kinshasa. Anaishi peke yake na kijana wake Samo. Friji yake imekufa, na Tabu, mteja wa nganda, mtu wa pombe na wa wanawake, anasema ataitengeneza. Asubuhi moja simu inalia: Samo amepata ajali ya pikipiki. Hospitalini daktari anasema mguu unahitaji kupasuliwa, na pesa itangulie. Mama hana. Kuanzia hapo anatembea mji mzima. Anakwenda kwa wenye deni lake. Anakwenda kwa baba wa mtoto, anarudishwa na maneno. Mwanamke mmoja hospitalini anajifanya kumsaidia kununua dawa, anapotea na pesa. Anaingia mpaka nyumbani kwa tajiri asiyemjua, anakataa kutoka, anapigwa, na bado hatoki mpaka apewe. Anaporudi na pesa mkononi, mguu umeshakatwa.

Hatujaharibu filamu kwa kuwaambia hayo, maana huo ni mwisho wa nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ni ndefu na ya polepole: kijana asiyetaka kusema, mama asiyetaka kulia, na Tabu anayekuja na kurudi na ile friji yake. Watu wengine walisinzia hapo. Sisi ndiyo sehemu tunayoipenda.

Mama wa Goma haitaji maelezo juu ya safari ile ya kutafuta pesa. Pikipiki zetu zinaruka juu ya mawe ya Nyiragongo, na kila mtaa, kutoka Ndosho mpaka Majengo, una mtoto aliyeanguka. Tunajua pia jinsi shangazi anavyoangalia chini ukitaja neno hospitali. Tofauti moja tuliiona wakati wa kuangalia, na tuliisema kwa sauti: Félicité hana chama. Hakuna sanduku lenye kufuli tatu na wamama watatu wenye funguo. Likelemba yake ni mlango kwa mlango, peke yake. Ule mchango mdogo tunaoutoa kila mkutano kwa mfuko wa dharura, ambao wengine wanaulalamikia kwamba haurudi na faida, wamama, angalieni filamu hii halafu mlalamike.

Lakini tuliahidi kusema juu ya muziki.

Filamu nyingi zinatumia muziki kama sukari. Mama akilia, violini zinalia. Mtu akikimbia, ngoma zinakimbia, ili wewe mtazamaji ujue unapaswa kuhisi nini. Gomis hakufanya hivyo. Kasai Allstars wako ndani ya hadithi: ndio wanaopiga pale nganda, nyuma ya Félicité, na jasho lao linaonekana. Gitaa linazunguka palepale dakika nyingi, ngoma inavuma, na watu wanaanza kuinuka mmoja mmoja. Muziki haukuambii ufurahi. Unakuzungusha tu, mpaka mwili unaamua wenyewe. Baada ya ajali kuna usiku ambapo Félicité anapanda kuimba, bendi inapiga, na sauti haitoki. Wanaume wanamngojea. Hatukumbuki filamu nyingine ambayo kunyamaza kulitubana kifua namna ile.

Kisha kuna wale wengine, na hapo Gomis alitushangaza. Katikati ya vumbi na kelele, ghafla tunaona kundi la watu wamekaa kwa utulivu, wanapiga na kuimba muziki wa Arvo Pärt wa Estonia, muziki wa polepole kama mtu anayesali peke yake. Ni Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Wengi wao walijifunza wenyewe, wakipokezana vyombo vichache. Hawaingii kwenye hadithi; wanatokea tu, wanapiga, wanaondoka. Wasomi wa sinema wana maelezo yao. Sisi tuliona hivi: nganda ni mwili wa Félicité, na okestra ni yale ambayo hana nafasi ya kuyawaza kwa sababu anatafuta pesa. Huenda mama mwingine ataona tofauti, na ni haki yake.

Filamu ilipata tuzo kubwa ya majaji kule Berlin mwezi wa Februari 2017, na wiki chache baadaye ikapata Étalon d'or ya FESPACO kule Ouagadougou. Véro Tshanda Beya, anayecheza Félicité, alikuwa hajawahi kucheza filamu kabla ya hiyo. Uso wake ulionekana katika magazeti ya nchi nyingi, na anastahili.

Lakini sauti si yake.

Hili wengi hawalijui. Anayeimba ni Muambuyi, mwimbaji wa Kasai Allstars. Véro anasogeza midomo, sauti ni ya Muambuyi. Tena Muambuyi huyo, mama anayeimba mbele ya bendi ya wanaume, ndiye aliyempa Gomis sehemu ya wazo la Félicité mwenyewe. Tulipojua jambo hili tuliirudia filamu tangu mwanzo, tukasikiliza upya. Ni sauti ya mtu mzima. Haibembelezi. Inaanza chini, kama mama anayezungumza na jirani juu ya ukuta, halafu inapanda mpaka inakwaruza yenyewe, kama zile ngoma na yale magitaa. Hapo tulielewa kwamba ule mvumo wote wa vyombo ulikuwa unamngojea yeye. Sauti nyororo ya redioni isingepita pale.

Je, tunasema Véro alidanganya? Hapana, sinema ni kazi ya kugawana, huyu uso, huyu sauti. Tunachosema ni kwamba kila mmoja ajulikane kwa alichotoa. Kwenye bango unaona uso. Anayetaka kumjua mwenye sauti lazima atafute maandishi madogo. Wamama wanaoimba kwenye misiba na harusi za mji huu wanajua jambo hilo: asubuhi watu wanasema muziki ulikuwa mzuri, na bahasha inakwenda kwa mwenye bafle.

Mwaka huohuo 2017 muziki ulitoka katika diski mbili kwa jina Around Félicité. Ya kwanza ina muziki wa filamu. Ya pili ina nyimbo hizo zikiwa zimefanywa upya na watengenezaji wa muziki wa elektroniki wa nchi mbalimbali, waliochukua sauti na ngoma, wakakata, wakaongeza mashine zao. Tuseme ukweli, hatupendi zote. Nyingine zinafanana na mtu anayekuja kupika sombe yako na kuitia maziwa. Lakini nyingine ni nzuri kweli, na vijana wetu wanazipenda zaidi kuliko zile za asili. Kijana mmoja wa darasa la tano la humanités alitueleza kwa subira, kana kwamba sisi ndio wanafunzi, jinsi mashine inavyofuata ngoma na jinsi ngoma inavyoikataa mashine, kwa sababu mpigaji wa kweli hapigi mara mbili sawasawa. Alisikia kitu ambacho hatukukifundisha. Tulimpa alama, ingawa haikuwa kwenye mtihani.

Kwa wanaotaka kujaribu na watoto nyumbani: likembe ndogo haihitaji pesa. Vipande vya waya wa mwavuli uliovunjika, vilivyopondwa kwa nyundo juu ya jiwe (mawe tunayo) mpaka viwe bapa, ubao mdogo, kijiti cha kuvibana, na chini yake kopo la sardini kama tumbo la sauti. Waya mrefu unatoa sauti nene, mfupi unatoa nyembamba. Mkishamaliza, zungushieni kila waya kipande cha bati la kizibo cha soda, kiwe kimelegea. Watoto wataanza kusikia ule mvumo, na watauliza kwa nini kinafurahisha. Mwachieni mtoto atafute jibu lake. Wenye watoto wadogo waangalie ncha za waya.

Sasa, wale wasichana saba.

Tumesikia maneno matatu. La kwanza, kelele. Hilo ni neno la kweli, majirani wana wagonjwa na wachanga, na linajibiwa kwa saa: mazoezi yaishe kabla ya saa kumi na mbili jioni, na bafle igeuzwe upande wa uwanja. La pili, masomo. Sisi ni walimu na hatuwezi kulicheka neno hilo. Tumependekeza kwamba anayeshuka chini ya nusu ya alama anasimama mpaka apande tena. La tatu ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini: msichana wa gitaa mwisho wake ni nganda.

Hapo tujibu bila kuficha. Félicité yuko nganda, ndiyo. Na ndiyo kazi inayolisha nyumba yake. Filamu haimfanyi mtakatifu: ana hasira, ana kiburi, hajui kuomba vizuri. Lakini pale hospitalini hakuna aliyemuuliza pesa imetoka wapi, waliuliza iko wapi. Wasichana hao hao wakiimba Jumapili kwenye kwaya tunapiga makofi na tunawashonea sare. Sauti ni ileile, koo ni lilelile. Kinachotuogopesha si muziki. Kinachotuogopesha ni nani anashika mlango, nani analipa, nani anawarudisha nyumbani usiku. Basi hayo ndiyo tuyazungumze.

Na kuna jambo ambalo wanaokataa hawajalipima. Wasichana hawa hawataacha muziki kwa sababu sisi tumefunga chumba. Tayari kuna kijana mwenye duka la kuchajia simu upande wa Birere aliyewaambia kwamba ana ampli na ana chumba nyuma, na kwamba hatawadai kitu. Wamama, ninyi mnajua bei ya kitu kisichodaiwa. Chumba chetu kina madirisha mawili, kiko karibu na barabara, na funguo ziko kwa katibu wetu.

Tungependa pia wasijifunze kuimba tu. Wajue kuunganisha waya, kupima sauti kwenye ampli, kurekodi kwa simu na kuweka tarehe na majina ya wote waliopiga. Kuna kijana wa kike aliyemaliza ufundi umeme ambaye amekubali kuja mara mbili kwa mwezi, kwa nauli ya pikipiki tu. Msichana anayejua chombo chake hatamwachia mwenye bafle bahasha yote.

Kuhusu kuiangalia filamu: ina zaidi ya saa mbili, watu wanasema Lingala, Tshiluba na Kifaransa, na maandishi ya Kifaransa yanapita chini. Wazee wasiosoma wakae karibu na mtoto anayeweza kuwasomea polepole. Si filamu ya watoto wadogo. Kuna mapigo, kuna pombe, kuna mambo ya watu wazima, na kuna hospitali ambayo mtoto ataiota usiku. Kuanzia miaka 16, pamoja na mzazi, ndivyo tunavyoshauri. Mkiwa na umeme wa mashaka, igaweni siku mbili: mpaka mguu wa Samo, halafu kesho yake iliyobaki. Na msiizime inapokuwa polepole. Kuna usiku mmoja wa msituni, na mnyama wa kwetu, okapi, anapita. Hatutasema zaidi.

Tutaionyesha kwenye chumba cha mkutano Jumamosi ya tatu, saa nane mchana, kwa wamama na kwa wale wasichana saba pamoja na wazazi wao. Mafuta ya jenereta yatatoka kwenye mchango wa kawaida, katibu amekubali. Kila mmoja aje na kiti chake, kwa sababu viti vya plastiki viko kwenye msiba mpaka Jumapili. Baada ya filamu wasichana watapiga nyimbo mbili, na kura itafuata wiki inayofuata.

Anayependa kusikia sauti ya Muambuyi kabla ya siku hiyo atupitie masomoni saa ya mapumziko. Tutamtumia kwenye simu yake.